Kosa la Mtu, Adhabu ya Dubu

Wasomaji wa gazeti letu wataniwia radhi nikianza kwa kuungama. Muhula uliopita palikuwa na nyani dume aliyezoea kukaa juu ya ukuta nyuma ya bweni letu, na mimi nilikuwa mmoja wa wale waliomzoeza. Tulimtupia ukoko wa ugali na maganda ya ndizi, na siku za Jumapili kipande cha mkate. Tulicheka sana alipokidaka kwa mkono mmoja kama golikipa. Haikupita miezi miwili nyani yule akachoka kungoja kutupiwa. Akamvamia mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa akitoka jikoni, akamnyang'anya sahani na kumrarua mkono kwa meno. Mtoto alishonwa nyuzi sita. Kesho yake akaja askari wa wanyama pori na bunduki, na nyani akapigwa risasi karibu na madarasa. Sisi tuliomlisha tulisimama dirishani tukitazama. Hapana mtu aliyetuuliza neno.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama haki ilitendeka. Basi likizoni nikasoma habari za dubu wa Marekani, nikaona kwamba kesi yetu imekwisha kusikilizwa huko kwa muda wa miaka zaidi ya mia. Napenda kuwaeleza wenzangu, walimu na wazazi mambo niliyoyasoma, maana naona yatufaa.

Sisi huku hatuna dubu. Huko Marekani wako wa namna mbili wanaosumbuana zaidi na watu: dubu mweusi, na dubu mkubwa wa kahawia ambaye dume lake laweza kufika uzito wa kilo 300. Dubu hula karibu kila kitu: majani, matunda, mizizi, wadudu, samaki na nyama. Pua yake ni kali ajabu. Kabla ya baridi kuingia hula mchana na usiku ili ajaze mafuta mwilini, kwa sababu atalala pangoni miezi mingi bila kula. Mnyama wa namna hii akionja mkate mara moja hasahau mahali alipoupata. Tena dubu jike humfundisha mtoto wake njia zake zote za kutafuta chakula, hata kuomba omba na kuiba.

Hifadhi ya Yellowstone iliwekwa na Serikali ya Marekani mwaka 1872. Mwaka 1902 wakubwa wa hifadhi walitoa amri ya kukataza watu wasiwalishe dubu. Amri ikaandikwa, watu wakaisikia, kisha ikalala. Hoteli za hifadhini zilimwaga makombo yake majaani, na jioni wageni walikwenda kutazama dubu wakila, kama sisi tuendavyo kutazama mpira. Mahali paitwapo Otter Creek palijengwa hata viti vya watazamaji, na askari wa hifadhi aliwaeleza wageni habari za dubu huku dubu wenyewe wakifakamia takataka. Mahali hapo palifungwa mwaka 1941, lakini majaa mengine yaliendelea kutumika. Barabarani nako motokaa zilisimama foleni, watu wakitoa biskuti madirishani na kupiga picha.

Sasa nauliza: askari aliyeona wakubwa wake wameweka viti jaani, angewezaje kumkamata mtoto mwenye biskuti? Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa Yellowstone ulikuwa ukutani, umening'inia, unaota kutu.

Matunda ya uzembe huo yameandikwa. Tangu mwaka 1931 mpaka 1969, dubu wa Yellowstone walijeruhi kwa wastani watu 48 kila mwaka, na zaidi ya mara 100 kila mwaka waliharibu mali za watu. Dubu aliyejeruhi mtu au kuvunja motokaa mara nyingi aliuawa. Mtu aliyempa biskuti alirudi nyumbani na picha yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti, 1967, katika hifadhi nyingine iitwayo Glacier, wasichana wawili, kila mmoja wa miaka 19, waliuawa na dubu wawili mbali mbali, katika mahali pawili palipoachana kwa kilometa nyingi. Katika mojawapo, nyumba ya wageni ilikuwa na desturi ya kutupa makombo nje jioni ili wageni wapate kutazama dubu. Vifo vile vilisaidia sana kuiamsha sheria.

Mwaka 1970 Yellowstone ilianza utaratibu mpya. Marufuku ya kulisha ilitiwa nguvu, mapipa ya taka yakawekwa yasiyoweza kufunguliwa na dubu, wageni wakaamriwa kufungia chakula chao, na majaa yakafungwa. Lakini deni la miaka 70 halilipwi kwa siku moja. Ndugu wawili, Frank na John Craighead, waliokuwa wakiwachunguza dubu hao tangu mwaka 1959, walishauri majaa yafungwe pole pole ili dubu wapate kujifunza tena kutafuta chakula cha porini. Wakubwa wa hifadhi waliona heri kuyafunga upesi. Dubu wenye njaa wakaja kwenye hema za watu, na wengi sana wakauawa, hata mwaka 1975 dubu wa kahawia wa sehemu hizo wakatiwa katika orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria ya nchi nzima wasije wakatoweka.

Angalieni basi ni nani aliyelipa. Watu ndio waliovunja amri tangu mwaka 1902, na hukumu ikatimizwa juu ya dubu. Askari wa hifadhi huko wana msemo wao: dubu aliyelishwa ni dubu aliyekufa.

Siku hizi mambo ni tofauti. Katika hifadhi za taifa za Marekani, mtu akimlisha mnyama wa porini aweza kutozwa faini mpaka dola 5,000, au kufungwa mpaka miezi sita. Huko Yellowstone mtu hatakiwi kumkaribia dubu chini ya yadi 100, yaani karibu mita 91. Kadhalika sheria haimtazami yule tu anyoshaye mkono wenye mkate. Humtazama pia yule aachaye chakula ovyo, kwa sababu dubu hawezi kupambanua baina ya chakula alichopewa na chakula kilichosahauliwa. Katika miji mingine ya milimani, hata mwenye nyumba atolea nje pipa la taka lisilofungwa vema hutozwa faini.

Mfano mmoja wa sheria kukata sawa sawa watoka Kanada. Katika mji wa Whistler, mwaka 2018, mtu mmoja alikuwa akiwanunulia dubu weusi matofaa, karoti na mayai kwa wingi, akiwalisha nyumbani kwake. Dubu watatu, mama na watoto wake wawili, walizoea watu hata ikabidi wauawe. Mwaka 2021 mahakama ilimtoza mtu huyo faini ya dola 60,000 za Kanada. Wako watakaosema faini hiyo ni kubwa mno kwa kosa la huruma. Mimi sisemi hivyo. Dubu watatu wamekufa, na bila faini hiyo jirani yake angeanza kununua matofaa kesho.

Lakini faini peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapotaka tuangalie sana. Hifadhi ya Yosemite ilikuwa na sheria nayo, na bado mwaka 1998 dubu walifanya uharibifu na ghasia zaidi ya mara 1,500. Walivuta milango ya motokaa kwa kucha mpaka ikakunjika, kwa ajili ya chakula kilichoachwa ndani. Basi Bunge la Marekani likatoa fedha za kazi hiyo. Yakawekwa makasha ya chuma ya kufungia chakula katika kambi za wageni. Askari wakapita usiku na tochi wakichungulia madirisha ya motokaa, na aliyeacha chakula ndani akaamshwa na kuandikiwa. Wageni wakaelezwa tangu mlangoni. Matukio yakapungua sana katika miaka iliyofuata. Askari alikuwa na haki ya kumwandikia mgeni, kwa sababu kasha lilikuwa pale pale, hatua chache kutoka hemani. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutofunga kasha ambalo hakupewa.

Najua watu husema: mnyama ana njaa, kumpa chakula ni wema. Sisi Waswahili twajua wema una mpaka, ndiyo maana mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Dubu hapewi jembe. Ukimkaribisha siku ya kwanza umejifunga kumkaribisha siku zote, na siku utakayokataa atachukua kwa nguvu. Wengine husema: kwa nini asihamishwe mbali badala ya kuuawa? Wamejaribu sana. Dubu wengine waliopelekwa zaidi ya kilometa 100 wamerudi kwa miguu yao wenyewe. Na asiyerudi huenda akawasumbua watu wa mahali pengine, maana tabia huchukuliwa pamoja na mwenye nayo.

Wengine tena huona haiwezekani kuwazuia watu. Kwao nawaonyesha Yellowstone ya leo. Dubu wa kahawia waliokuwa karibu kutoweka sasa ni kama 1,000 katika nchi inayoizunguka hifadhi ile. Wageni wamezidi kwa mamilioni, na bado watu wanaojeruhiwa na dubu humo hifadhini, waliokuwa 48 kwa mwaka, siku hizi wastani wake ni kama mtu mmoja. Dubu ni wale wale na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sheria ilitiwa nguvu, na waliotangulia kuitii walikuwa wenye nyumba, yaani hifadhi na hoteli zake.

Sasa narudi ukutani kwetu. Katika hifadhi zetu za Tanzania pia mgeni hukatazwa kuwalisha wanyama, na wazee wetu walitoa amri hiyo zamani kwa maneno machache: ukicheka na nyani utavuna mabua. Shuleni kwetu nasi kanuni ipo. Imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini ya ratiba ya mechi, nayo inalala kama ile ya mwaka 1902. Nyani mwingine amekwisha kuonekana juu ya ukuta ule ule, jike mwenye mtoto mgongoni.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, shimo la makombo nyuma ya jiko lifunikwe. Lina wazi mdomo tangu nilipofika shuleni, na kwa heshima zote nasema kwamba hilo ndilo jaa letu la Otter Creek. Shule ikitangulia kufunika shimo, itakuwa na haki ya kumwadhibu mwanafunzi. Pili, mwanafunzi atakayeonekana akitupia nyani chakula apewe adhabu inayohusu kosa lake, kama kufagia jikoni na kuzika makombo kwa juma zima, na viranja wasisamehewe. Tatu, wazazi wetu wanaotutembelea siku za Jumamosi wasiwatupie nyani ndizi kuwachekesha wadogo zetu. Wanatuletea vitu vizuri, na sisi tutavila vyote wenyewe, hatutawaachia nyani hata ganda.

Najua mwalimu wa zamu ataniuliza ni nani atakayechimba na kutengeneza kifuniko. Mimi niko tayari, na wenzangu wanne wa bweni letu wamekubali, tukipewa mbao na misumari. Tulimlisha nyani yule kwa muda wa miezi miwili, basi siku mbili za kazi si nyingi. Mtoto yule wa Kidato cha Kwanza husimama mbele yangu kila siku katika mstari wa chakula. Kovu lake huliona anaponyosha mkono kupokea sahani, na kila akipita mlangoni hutazama juu ya ukuta kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu