Waliohojiwa Wengi, Ushahidi Mchache: Namna ya Kusoma Takwimu za Nchi Yetu

Hili ni somo ambalo si la sarufi wala la ngeli, ingawa zote mbili zitapita mlangoni mwake. Leo nataka tuzungumzie neno moja ambalo raia wa Juba hulisikia redioni mara kwa mara, nalo ni takwimu. Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo: raia anayeuliza tu «watu wangapi walihojiwa?» hajauliza swali la kutosha. Swali linalotangulia hilo ni hili: «watu hao walitoka mahali pangapi, na wanafanana kiasi gani?»

Tuanze na neno lenyewe. Takwimu limetoka katika Kiarabu, na wale miongoni mwenu waliosoma Kiarabu shuleni wanajua kwamba huko taqwim ni kalenda. Kamusi za zamani za Kiswahili nazo zililipa neno hili maana hiyo ya kalenda. Baadaye likahamia kwenye hesabu zinazoelezea hali ya watu na vitu. Nalipenda asili yake, kwa sababu kalenda ni kitu ambacho jamii nzima hukiamini ili ipande, ivune na ikutane kwa pamoja. Takwimu zikikosa imani ya watu hupoteza kazi yake, kama kalenda ambayo kila nyumba ina ya kwake.

Nchi yetu imekuwa ikitafuta imani hiyo kwa muda mrefu. Sensa ya mwaka 2008, iliyofanyika kabla ya uhuru, ilihesabu watu takriban milioni 8.26 Kusini mwa Sudan, na serikali ya Kusini wakati ule ikaipinga hesabu hiyo. Tangu tarehe 9 Julai 2011, siku ya uhuru, hatujafanya sensa kamili. Mwaka 2023 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza makadirio ya watu milioni 12.4 kwa mwaka 2021. Hayo yalitokana na picha za satelaiti na uchunguzi wa maeneo machache yaliyoteuliwa. Angalia vizuri, msomaji: nimesema makadirio, sikusema hesabu. Anayehesabu hugonga kila mlango. Anayekadiria hugonga milango michache, kisha huisemea mingine yote.

Milango hiyo michache ndiyo tunayoiita sampuli. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Asilimia unayoisikia redioni nayo imeundwa, tena na mafundi wenye vifaa vyao, na raia ana haki ya kukagua mbao zilizotumika.

Chukua mfano wa uchunguzi mkubwa wa kaya uliofanyika mwaka 2009. Ndio uliotupa namba mbili zilizonukuliwa kila mahali: kwamba takriban asilimia 51 ya watu waliishi chini ya mstari wa umaskini, na kwamba asilimia 27 tu ya watu wazima walijua kusoma na kuandika. Uchunguzi huo ulipanga kuzifikia kaya 5,280 katika majimbo 10 ya wakati ule. Namba hiyo inatosha kumtuliza msikilizaji. Lakini kaya hizo hazikuokotwa moja moja kutoka kila pembe ya nchi. Katika kila jimbo yaliteuliwa maeneo 44 ya kuhesabia watu, na katika kila eneo zikateuliwa kaya 12. Watafiti hawakufanya hivyo kwa uvivu. Mvua hukata barabara kwa miezi mingi na mafuta ya gari ni ghali, na mdadisi aliyekwishafika kijijini kwa taabu hawezi kuhoji kaya moja tu kisha akaondoka. Utaratibu huu huitwa sampuli ya makundi, na hutumika dunia nzima.

Shida iko hapa. Kaya 12 za kijiji kimoja hunywa maji ya kisima kimoja, hutembelewa na mhudumu yuleyule wa afya, hupeleka watoto katika shule ileile, na mafuriko yakija huzikuta zote pamoja. Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Ukiijua hali ya kaya tatu za kwanza, umekwisha kuzikisia nyingi zilizobaki. Majibu yao yana uhusiano, na jibu linaloweza kukisiwa kutokana na jibu la jirani halileti habari mpya kamili. Ukionja vijiko 12 kutoka sufuria moja pale Konyo Konyo, utaijua sufuria hiyo barabara, lakini sufuria za mama wa kibanda cha pili hutazijua hata kidogo.

Wanatakwimu hawakulifumbia macho jambo hili. Leslie Kish, mtaalamu aliyezaliwa Hungaria na kufanya kazi Marekani, alilieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu sampuli. Kanuni yake yaweza kusemwa kwa Kiswahili chepesi. Chukua idadi ya kaya katika kila kundi, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana ndani ya kundi, kisha ongeza 1. Kiwango hicho huwa 0 ikiwa majirani hawafanani kuliko watu wowote wengine, na huwa 1 ikiwa wote wanafanana kabisa. Jibu unalolipata huitwa athari ya muundo, nalo hukuambia ugawanye sampuli yako kwa ngapi ili kuupata ukubwa wake wa kweli.

Tufanye hesabu pamoja, nami nitachagua kiwango cha 0.2 kwa ajili ya mfano tu. Kaya 12 kutoa 1 ni 11; 11 mara 0.2 ni 2.2, ongeza 1 upate 3.2. Gawanya 5,280 kwa 3.2, utabaki na 1,650. Maana yake ni kwamba kaya 5,280 zimebeba ushahidi wa kaya 1,650 zinazojitegemea. Na kama swali ni lile ambalo kijiji kizima hulijibu kwa sauti moja, kwa mfano «je, kuna kisima cha pampu hapa kijijini?», kiwango kinakuwa 1, athari inakuwa 12, na ushahidi wako unashuka hadi 440, yaani idadi ya maeneo uliyoyatembelea. Hata ungehoji kaya 100 katika kila eneo, usingepata zaidi ya majibu hayo 440.

Hesabu hii imekuwa ikifanya kazi hospitalini na vijijini kwa miaka mingi. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kupima kiwango cha chanjo ulikuwa kuteua makundi 30 na watoto 7 katika kila kundi, jumla watoto 210. Namba hiyo haikuokotwa. Ili kupata jibu lisilokosea zaidi ya asilimia 10 juu au chini, watoto 96 wanaojitegemea wangetosha. Lakini kwa kuwa watoto wa kijiji kimoja hufanana, namba hiyo ilizidishwa mara 2, ikawa 192, kisha ikapandishwa hadi 210 ili igawanyike sawasawa kwa makundi 30.

Utaniuliza, mwalimu, haya yanamhusu nini raia asiyetaka kuwa mwanatakwimu? Yanamhusu kwa sababu fedha, dawa na viti vya bunge hufuata namba. Tuseme umaskini katika jimbo moja umepatikana kuwa asilimia 46 na katika jimbo jirani asilimia 54. Mkuu wa jimbo la pili atasimama na kusema, «Sisi ni maskini zaidi, tuongezewe.» Kila jimbo lina kaya 528. Anayezihesabu kana kwamba zinajitegemea ataona kwamba tofauti inayozidi asilimia 6 hivi haiwezi kuwa ya bahati tu, na kwa hiyo atalipa haki jimbo la pili. Anayekumbuka athari ya 3.2 ataona kwamba kila jimbo lina ushahidi wa kaya 165, na kwamba bahati peke yake yaweza kuleta tofauti ya karibu asilimia 11. Tofauti yetu ya asilimia 8 haitoshi kumnyima mmoja na kumpa mwingine. Hivyo ndivyo ugomvi wa majimbo mawili unavyoweza kuzaliwa na hesabu iliyosahau ujirani.

Hata hivyo, nakuonya usikimbilie upande wa pili na kusema takwimu zote ni uongo. Uchunguzi uleule wa 2009 ulionyesha umaskini wa takriban asilimia 26 Upper Nile na takriban asilimia 76 Northern Bahr el Ghazal. Pengo la asilimia 50 halifutwi na hesabu ya ujirani, kwa kuwa ni kubwa mno. Anayeikataa kila namba kwa kisingizio cha sampuli ni hatari sawa na yule anayeimeza kila namba bila kutafuna.

Tena kuna wakati ambapo kusubiri uhakika kamili ni dhuluma. Tarehe 20 Februari 2017 ilitangazwa kwamba njaa kali imezikumba kaunti za Leer na Mayendit. Tangazo la namna hiyo huhitaji vipimo vitatu, na kimojawapo ni kwamba zaidi ya asilimia 30 ya watoto wadogo wana utapiamlo mkali. Wapimaji wanaofanya kazi katika hali ya vita hufikia makundi machache tu. Kuutangaza upana wa kosa hakumaanishi kuzuia chakula mpaka ukingo uwe mwembamba. Maana yake ni kuwaambia watu ukweli wote: «Hiki ndicho tunachokijua, hapa ndipo mashaka yalipo, na kwa haya tunachukua hatua.»

Wataalamu wana njia nyingine za kuiheshimu jamaa hii ya majibu. Mwaka 1986 Kung-Yee Liang na Scott Zeger walichapisha njia ya kukadiria inayoruhusu majibu ya kundi moja kufungamana, na ambayo huendelea kutoa makadirio ya kutegemewa hata pale mtafiti anapokosea kidogo kuueleza ufungamano huo, mradi makundi yawe mengi. Njia nyingine ni modeli za ngazi nyingi, ambazo humpa kila mtu sehemu yake, kijiji sehemu yake, na jimbo sehemu yake, ili tujue tofauti inatoka wapi. Zote mbili zinahitaji makundi mengi, na hakuna kompyuta iwezayo kuyaumba makundi ambayo wadadisi hawakuyafikia.

Uhusiano hauishii kwa majirani wa kijiji. Bei ya unga Konyo Konyo na bei yake katika soko la Custom si mashahidi wawili walio huru, maana mizigo mingi hupita barabara ileile ya Nimule kutoka Uganda. Barabara ikifungwa, masoko yote mawili hulia siku moja. Bei ya leo nayo ni ndugu wa bei ya jana. Anayekusanya bei 300 kutoka masoko hayo kwa mwezi mmoja asijisifu kwamba ana ushahidi 300.

Na sasa nifike pale ninapokuhitaji zaidi, mwanafunzi wangu. Kanuni hii inafaa katika maisha ya kila siku kuliko katika vitabu. Uvumi ukienea mjini, utaupokea kwa simu kutoka kwa watu kumi, nawe utasema, «Watu kumi hawawezi kukosea.» Waulize wameusikia wapi. Ikiwa wote wameutoa katika ujumbe mmoja, una shahidi mmoja aliyesema mara kumi. Katika mji ambamo uvumi umewahi kuwakimbiza watu kutoka nyumba zao, kuijua tofauti hiyo ni sehemu ya uraia.

Kwa hiyo naiomba kila ofisi inayotangaza asilimia iandike kando yake mambo matatu: idadi ya maeneo yaliyofikiwa, upana wa kosa uliokwisha kurekebishwa kwa ajili ya makundi, na majina ya maeneo ambayo wadadisi hawakuweza kufika. Hili la tatu lisidharauliwe, kwani vijiji visivyofikika mara nyingi ndivyo vyenye shida kubwa. Waandishi wa habari nao wayasome mambo hayo hewani, hata kama yanarefusha taarifa kwa sentensi mbili.

Nawe, msomaji, jizoeze kuuliza kwa Kiswahili fasaha: Mlifika maeneo mangapi? Mlihoji kaya ngapi katika kila eneo? Tofauti mnayoitangaza ni kubwa kuliko ile ambayo bahati ingeweza kuileta? Angalia kwamba maeneo yanachukua mangapi na kaya zinachukua ngapi. Nilikuahidi kwamba ngeli zitapita mlangoni. Yajifunze maswali haya matatu kwa moyo. Sensa itakapofika, baadhi yenu mtakuwa makarani wake na wengine mtakuwa mnafungua milango, na nchi itawahitaji wote wanaojua namba imeundwaje kabla ya kuigombania.