Mkuki wa Kufika Mbinguni: Dhidi ya Uhakiki Unaohesabu Majaribu Bila Kuyapima

Uhakiki wa fasihi simulizi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki una mazoea mabaya. Mwanafunzi hutumwa nyanjani, hunasa ngano, huainisha utanzu wake, huorodhesha dhamira zake, na hatimaye huandika "funzo" lake. Kazi huishia hapo. Haiulizwi ngano yenyewe imeundwaje hata imtie msikilizaji mtegoni na kumlazimisha atafute njia ya kutokea. Kasoro hiyo hudhihirika katika namna yanavyoshughulikiwa masimulizi ya Wameru kuhusu Mbwaa.

Kwa muhtasari, masimulizi hayo husema kwamba wahenga wa Wameru walitumikishwa kisiwani Mbwaa na Nguuntune, yaani watu wa nguo nyekundu, waliowapa majaribu mazito. Walitakiwa watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wakakikata katika ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe. Walitakiwa watoe tunda katika shimo refu bila kulichoma. Wakamimina maji, tunda likaelea. Kisha wakatakiwa wafue mkuki wa kufika mbinguni. Hilo halikuwa na jibu. Wakatoroka wakiongozwa na Koomenjoe, wakavuka maji, na wakati wa kuvuka ukawa chanzo cha mgawanyo wao: Njiru, weusi waliovuka usiku, Ntune, wekundu wa alfajiri, na Njeru, weupe wa mchana.

Bernardi (1959), M'Imanyara (1992) na Fadiman (1993) waliyachunguza masimulizi ya Wameru kwa jicho la anthropolojia na historia. Swali la Mbwaa ilikuwa wapi, ambalo Fadiman alilijibu kwa kuelekeza kidole kisiwani Manda, ni halali kwa taaluma hizo. Kosa ni la wahakiki wa fasihi walioliazima swali hilo na kulifanya lao. Wengine, kwa kukimbia historia, hukimbilia kwa Propp, ambaye mwaka 1928 alibainisha majukumu 31 ya ngano, likiwamo jaribu gumu na utatuzi wake. Basi huweka alama: jaribu lipo, utatuzi upo. Lakini kuhesabu si kupima. Jaribu bora na jaribu hafifu hupata alama ileile.

Ajabu ni kwamba vipimo vinavyokosekana vimekuwa vikijadiliwa kwa bidii mahali ambapo mhakiki hadhani pa kutazama. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, waundaji wa michezo ya kuigiza wahusika mezani wamekabiliwa na tatizo hilohilo. Mmoja huandaa magereza ya chini ya ardhi, mitego na mafumbo. Wenzake husema wahusika wao watafanya nini. Katika mabishano yao, mambo matatu hurudi mara kwa mara: ufumbuzi upatikane kutokana na vitu vilivyomo katika ulimwengu wa mchezo, kila kizuizi kibadilishe maana ya kilichotangulia, na kushindwa kusizime kisa bali kufungue njia nyingine.

Mbwaa ikipimwa hivyo, ufundi wake hung'aa. Ufumbuzi wa kiatu umo zizini mwa mfugaji yeyote, hauhitaji uganga. Maji ya kuelea tunda hujulikana na kila mtoto atekaye maji. Msikilizaji anayo majibu mkononi kabla hajayajua, naye hujifunza kuamini kwamba kila jaribu lina jibu. Hapo ndipo mtego unapofyatuka: mkuki hauna jibu. Imani iliyojengwa na majaribu yaliyotangulia huvunjwa, na msikilizaji hutambua kwamba gereza halikuwa kisiwa bali kanuni ya kuendelea kujibu. Asiyemjibu tena mtawala ndiye aliyeanza kuvuka. Kushindwa kufua mkuki ndiko kulikozaa watu wa Meru.

Itapingwa kwamba huko ni kushusha hadhi ya mapokeo matukufu hadi kiwango cha mchezo wa dadu. Pingamizi hilo husahau kwamba kitendawili ni mchezo, na hakuna aliyekitoa katika fasihi kwa sababu hiyo. Itapingwa pia kwamba hadhira ya Meru huyajua majibu tayari, hivyo haina cha kuamua. Lakini kila kizazi huwa na wanaosikia mara ya kwanza. Na anayejua, akinyamaza ili mwenzake afikiri, huwa amechukua nafasi ya mtoa fumbo. Hadhira haigawanyiki katika wasemao na wasikiao tu. Hugawanyika katika wanaotega na wanaotegwa.

Mwaka 1968, Ngugi, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika, pamoja na ile simulizi, iwekwe katikati ya mafunzo. Iliwekwa. Lakini kuiweka katikati kisha kuisoma kama orodha ya mafunzo na majukumu ni kuifungia Mbwaa upya. Mwanafunzi arudipo kutoka Igembe, Tigania au Imenti na daftari lake, asiulizwe tu ngano inafunza nini. Aulizwe: mlango uko wapi, nani aliuficha, na kwa nini msikilizaji aliutafuta?