Matunda Hupimwa Nje ya Kanisa

Watu wengi wakisikia habari za Mkristo mwenye kuzaa matunda, mara huwakumbuka wale wanaoonekana sana kanisani: mwimbaji mwenye sauti nzuri, mzee wa kanisa aombaye kwa maneno mengi, mama asiyekosa mkutano hata mvua ikinyesha. Mambo hayo ni mema, wala hayafai kudharauliwa. Lakini hayo ni majani. Mti hauwezi kuishi bila majani. Hata hivyo hapana mkulima wa kahawa apelekaye majani kiwandani akangoja malipo.

Wakulima wa kahawa wa Nyeri, Murang'a, Embu na Kisii huenda wanaijua habari hii kuliko wahubiri wengi. Mti wa kahawa ukiachwa ukue upendavyo, hutoa machipukizi mengi, ukasongamana hata jua lisipenye ndani. Mpita njia akiutazama kutoka barabarani huusifu kwa jinsi ulivyostawi. Mwenye shamba akiukaribia huona matunda machache tena madogo, na matawi yaliyokauka ncha. Kwa hiyo mkulima hodari huchukua mkasi na msumeno, akaondoa machipukizi yasiyohitajiwa na matawi yaliyochoka. Jirani asiyeijua kazi hiyo hudhani kwamba mwenzake anaharibu mali yake.

Tena liko jaribio la pili. Matunda yaliyochumwa yakitiwa majini, yaliyojaa huzama, na yaliyo matupu ndani huelea juu. Kwa nje yote yalikuwa mekundu, na katika kikapu hapana aliyeweza kuyatenga kwa macho. Maji ndiyo yaliyotoa hukumu.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 15, Yesu alifundisha habari hiyo kwa mfano wa mzabibu. Baba ni mkulima, Yeye mwenyewe ni mzabibu, na wafuasi wake ni matawi. Mambo mawili yapasa kuangaliwa hapo. La kwanza, tawi halizai kwa kujikaza. Huzaa kwa kuwa limeshikamana na shina lipatalo maji kutoka mizizini. Mtu aachaye kusali na kusoma Neno, kisha akajaribu kuwa mpole kwa nguvu zake mwenyewe, atachoka kabla ya juma kwisha. La pili, hata tawi lizaalo hupogolewa, ili lizae zaidi. Wengi huomba matunda kila siku, lakini wakiona mkasi hukimbia.

Mtume Paulo naye, katika waraka wake kwa Wagalatia, sura ya 5, aliandika habari za matendo ya mwili, akayataja kwa wingi. Lakini alipofika kwenye kazi ya Roho alitumia neno tunda, moja tu, kisha akataja ndani yake mambo tisa, kuanzia upendo mpaka kiasi. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 waliuhifadhi umoja huo. Maana yake si ndogo. Mkristo hana ruhusa ya kuchagua, akaitwaa furaha ya kuimba na kuuacha uaminifu wa fedha, au akawa mpole mbele ya mchungaji na mkali kwa mkewe. Tunda ni moja. Likiharibika upande mmoja, limeharibika.

Afrika ya Mashariki imekwisha kuliona jambo hili kwa macho. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, katika nchi ya Rwanda, na katika Uganda. Miongoni mwa waliotangulia walikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda, na Dakta Joe Church, mmisionari Mwingereza, waliokutana Namirembe mwaka 1929 wakaomba na kusoma Biblia pamoja. Mwaka 1937 wajumbe wa uamsho huo walifika Kabete, karibu na Nairobi, na habari zao zikaenea katika Kenya. Watu walilia, waliimba, waliungama hadharani. Lakini kilichowashangaza majirani, hata wale wasiokuwa Wakristo, hakikuwa nyimbo. Walishangaa kuona mtu akirudisha mali aliyoiba zamani, mdaiwa akilipa deni lililokwisha kusahauliwa, na Mwafrika na Mzungu wakiombana msamaha kwa chuki na majivuno yaliyokuwa kati yao.

Kisha yakaja maji ya kupima. Hali ya Hatari ilipotangazwa katika Kenya mwezi wa Oktoba 1952, watu wengi wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Wengi wao vilevile walikataa kuchukua silaha za serikali, kwa kuwa walisema hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Basi walishukiwa pande zote mbili, na wengine wao waliuawa. Uamsho huo haukukosa kasoro, kwa maana palikuwa na wenye kuwadharau Wakristo wenzao wasiosema kama wao. Lakini saa ile ya majaribu ilionyesha wazi ni nani aliyekuwa na kitu ndani.

Si kila mtu atakayejaribiwa kwa panga au bunduki. Walio wengi hujaribiwa kwa mizani na kalamu.

Na ichukuliwe habari ya karani apimaye kahawa katika chama cha ushirika. Kila mkulima aletapo mzigo wake, karani huandika pungufu ya nusu kilo. Nusu kilo si kitu. Mama aliyetoka shambani tangu alfajiri hawezi hata kuiona. Lakini wakulima 60 wakipita siku moja, kilo 30 zimepatikana bila jembe wala jasho, nazo zitaandikwa kwa jina la rafiki ya karani. Siku ya Jumapili karani huyo hutoa sadaka nono, na jina lake husomwa. Siku moja Neno linamchoma moyo. Afanye nini?

Akilia kanisani, ni vema, lakini machozi hayarudishi kahawa. Akiongeza sadaka, anamtolea Mungu mali ya mjane. Akiacha kuiba kuanzia kesho na kunyamaza juu ya jana, amekata jani na kuliacha tawi bovu. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, hakufanya hivyo. Alisema mbele ya watu kwamba nusu ya mali yake atawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Yesu hakutangaza wokovu katika nyumba ile kwa sababu ya chakula kizuri alichoandaliwa.

Basi njia ya karani ni kwenda mbele ya kamati ya chama, kusema kweli, na kulipa kidogo kidogo mpaka deni liishe. Kufanya hivyo kwaweza kumpotezea kazi, na hata kumfikisha mbele ya hakimu. Ana mke, ana karo za watoto. Jambo hili si jepesi, na mhubiri asemaye kwamba ni jepesi hajawahi kuwa na deni. Huo ndio mkasi wenyewe. Lakini na yafikiriwe malipo ya kunyamaza: kila akiinama kusali atayaona mizani mbele yake, na watoto wake watajifunza kwake kwamba dini ni kitu cha Jumapili. Afadhali nyumba yenye ugali mkavu na baba asiyeogopa kutazamwa usoni.

Kanisa nalo lina wajibu. Mtu apogolewaye huumia, na kidonda kisipotunzwa huingia ugonjwa. Wazee wakimcheka aliyeungama, wengine kumi watafunga midomo. Yafaa wafuatane naye kwenda mbele ya kamati, na jamaa yake isiachwe ife njaa huku waumini wenzake wanaimba habari za upendo.

Tena hapana mtu avunjike moyo kwa kuwa matunda yanakawia. Mche wa kahawa hungojewa miaka kama mitatu kabla ya mavuno ya kwanza, na hata mti mkubwa ukitoa maua, miezi minane au tisa hupita kabla tunda halijawa jekundu. Katika mfano ulioandikwa na Luka, sura ya 13, mwenye shamba alitaka kuukata mtini usiozaa miaka mitatu, naye mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Huo ndio uvumilivu wa Mungu. Lakini mwaka ule ulikuwa mmoja, nao ulitolewa kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya usingizi.

Kwa hiyo atakaye kujua kama maisha yake ya Kikristo yanazaa, asiwaulize wale wanaokaa naye kanisani. Na awaulize mkewe na watoto wake, kibarua anayemngoja mshahara, jirani waliyepakana mashamba, na mteja aliyesimama mbele ya meza yake ofisini. Hao ndio wanaokula matunda yake kila siku, nao wanajua kama ni matamu au ni machungu.