Kirejeshi tunacho tayari, tuanzie hapo kufundisha Kiingereza

LUGHA DARASANI
Na Zuhura Mbarouk

Fungua daftari la Kiingereza la mwanafunzi wa kidato cha pili, utafute ukurasa wa vishazi vivumishi. Utakuta zoezi la kujaza nafasi: "who" kwa watu, "which" kwa vitu, na alama ya vema kila mstari. Kisha soma insha yake ya wiki hiyohiyo. Humo ameandika: "The book which I read it was good."

Kosa hilo lina asili, na si uvivu. Kwa Kiswahili tunasema "kitabu nilichokisoma": -cho- inarejesha, -ki- inakitaja tena kitabu, na sentensi ni safi kabisa. Kiingereza hakitaki kitabu kitajwe mara ya pili ndani ya kishazi. "Which" ikishakishika, "it" haina kazi. Mtoto amefuata kanuni, ila ni kanuni ya lugha nyingine. Mwalimu anayepiga mstari mwekundu juu ya "it" bila kumwonyesha ile -ki- anamwacha alirudie kosa hadi kidato cha nne. Vivyo hivyo "the man who his car was stolen": huyo ni "mtu ambaye gari lake liliibwa", amehamishwa mzimamzima. Kiingereza kinataka "whose", inayobeba urejeshi na umiliki kwa pamoja.

Ndiyo maana napinga vikali vibao vya kukataza Kiswahili vinapofika hadi ndani ya kipindi cha sarufi. Tunamfungia mwanafunzi ujuzi ambao ndio ungemvusha.

Na jambo hili si la somo la Kiingereza peke yake. Katika shule za serikali Tanzania, mtoto husoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na baiolojia na fizikia kwa Kiingereza. Huko, fasili nyingi zinasimama juu ya kishazi bainishi. "A herbivore is an animal that eats plants." Ondoa "that eats plants" uone kilichobaki: "a herbivore is an animal". Simba naye ni mnyama. Kishazi hicho ndicho kinachomtenga swala na simba, ndiyo maana kinaitwa bainishi. Mwanafunzi anayekariri fasili bila kuuona mshono huo hupotea mtihani ukibadilisha maneno mawili tu. Mwalimu wa baiolojia akisimama dakika moja kuuliza "mnyama yupi?", amefundisha masomo mawili kwa mpigo.

Alama ya mkato nayo ina uzito. "My sister who lives in Tanga is a nurse" ni maneno ya mtu mwenye dada zaidi ya mmoja, anayetaja yupi kati yao. Weka mikato kabla ya "who" na baada ya "Tanga", dada anakuwa mmoja, na Tanga ni habari ya nyongeza. Kuhusu "that" na "which", H. W. Fowler alipendekeza katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926 kwamba ya kwanza ibaki kwa vishazi bainishi na ya pili kwa vya nyongeza. Waandishi wengi wa Uingereza hawakumfuata, kwa hiyo kumkata alama aliyeandika "the school which I attend" ni kumwonea.

Mazoezi, basi, yaanze na haja ya kubainisha. Weka kalamu kadhaa mezani; mmoja aombe, mwenzake atoe: "Give me the pen that has no cap." Hata darasa lililofurika linaweza kufanya hivyo dawati kwa dawati. Kisha waandike sentensi zao za Kiswahili, "sare aliyoishona fundi", "chakula nilichokipika", wapigie mstari -i- na -ki-, ndipo wahamie Kiingereza wakiviacha nyuma vipande hivyo. Mwisho waeleze vitu vya nyumbani kwa mgeni asiyevijua. Aliyepewa mbuzi ya kukunia nazi hawezi kuandika "a stool" akanyamaza, itambidi aseme ni kigoda cha namna gani: "a low stool that has an iron blade which we use to grate coconut." Mwalimu akague kama baada ya "use" hakuna "it".