Shati Jeupe na Mkanda wa Mchomoko

Wiki iliyopita niliahidi kuwasema wale washikaji wanaoazima nguo za kwendea harusini. Naomba radhi, hao watasubiri kidogo. Leo nina kovu la kuelezea. Liko hapa juu ya nyusi ya kushoto, nyuzi tano, na kila ninayekutana naye hapa Kolandoto anadhani nilichezea kichapo kwa sababu ya demu wa mtu. Wengine nimewaacha waamini hivyo hivyo, maana ukweli wenyewe unaniaibisha zaidi.

Ilikuwa Jumamosi, nakwenda Kahama kwenye sendofu ya dada wa mshikaji wangu. Nimepiga shati jeupe pee, suruali ya kitambaa, kiatu kinang'aa mpaka unajiona sura. Pale Shinyanga mjini nikadaka mchomoko. Kwa nyie wasomaji wa Dar msioijua, mchomoko ni Probox au mkoko mwingine mdogo unaopakia abiria kama magunia ya mpunga: nyuma wanne, mbele wawili kwenye siti moja, na huko kwenye buti mizigo, siku nyingine na mtu juu yake. Siku hiyo nikabahatika kukaa mbele peke yangu, nikajiona bosi.

"Broo, vuta mkanda, kuna trafiki hapo mbele," suka akaniambia.

Nikauvuta. Wee! Ule mkanda ulikuwa na vumbi la tangu mvua za mwaka juzi. Nikiulaza kifuani, shati langu linapata mstari wa kahawia kuanzia begani hadi kiunoni. Niingie ukumbini hivyo, mbele ya masista du wa Kahama? Haiwezekani. Nikaushika kwa mkono, nikauweka mbali kidogo na shati, nikajifanya nimeufunga. Tukampita afande, nikampungia na mkono. Tulipomwacha nyuma nikauachia, ukarudi zake kwenye nguzo ya mlango. Suka akacheka, "Mtu wangu, unajua maisha!"

Hatujafika mbali, ng'ombe akakatiza. Suka akakanyaga breki kwa miguu yote. Sasa nisikilize vizuri: hatukugonga kitu. Hatukumgonga ng'ombe, hatukuingia mtaroni, gari halikupata hata mkwaruzo. Gari lilisimama. Mimi ndiye niliyeendelea na safari, na dashibodi ikanipokea. Sendofu niliingia saa tatu usiku nikiwa na plasta usoni na fulana ya kampeni za uchaguzi niliyopewa na msamaria mwema. Lile shati hata kufua nilishindwa, damu ilishakauka.

Nilipokaa nyumbani kuuguza kichwa ndipo nikaanza kusoma mambo haya. Mimi niliishia kidato cha nne na fizikia ilinipiga chenga, lakini hili hata kilaza analielewa. Ukiwa ndani ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, na wewe mwenyewe unakwenda kilomita 50 kwa saa. Gari likisimamishwa ghafla, wewe hakuna aliyekusimamisha bado. Utasimamishwa na usukani, kioo, au kisogo cha aliyekaa mbele yako. Ukitaka kujua uzito wa pigo hilo, jifikirie umedondoka kutoka urefu wa mita 10 hivi, kama ghorofa ya tatu. Kwenye kilomita 80 ni kama mita 25, huko hata mibuyu yetu mingi haifiki. Na baada ya mwili kusimama, ndani yako ini na ubongo bado havijasimama, navyo vina ajali yao.

Haya hayakugunduliwa kwa kukaa kijiweni. Mwaka 1954 daktari mmoja wa jeshi la anga la Marekani, Kanali John Stapp, alijifunga mikanda kwenye kigari cha roketi kinachopita juu ya reli. Kigari kikafyatuka mpaka kilomita 1,017 kwa saa, halafu kikasimamishwa ndani ya sekunde 1.4. Mwili wake ulibanwa kwa nguvu zaidi ya mara 46 ya uzito wake! Macho yalivilia damu na kwa muda hakuona kitu, lakini akapona, na alifariki mwaka 1999 akiwa mzee wa miaka 89. Mimi ng'ombe mmoja tu alinitoa nyuzi tano.

Miaka mitano baada ya mchezo huo wa Stapp, yaani 1959, fundi wa Volvo kule Sweden aitwaye Nils Bohlin akaleta mkanda huu tunaoujua, unaoshika bega, kifua na nyonga. Kabla ya hapo jamaa alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege inayoanguka, kwa hiyo mambo ya watu kurushwa aliyajua. Volvo wakaruhusu kampuni nyingine ziuige bila kulipia. Ndiyo maana hata Probox iliyozeeka Japani ikaja kufia kwenye vumbi letu inao.

Siku hizi kazi ya Stapp imeachiwa midoli. Siyo midoli ya watoto, hii ina ukubwa na uzito wa mtu mzima, na ndani imejazwa vifaa vya kupima kifua kimebanwa kiasi gani na shingo imekatwa vipi. Wanawekwa kwenye gari jipya, gari linagongeshwa kwa kilomita 64 kwa saa, halafu linapewa nyota. Shirika la Global NCAP lilianza kuyapima magari yanayouzwa Afrika mwaka 2017. Mwaka 2018 ikaingia pikapu ya Nissan NP300 Hardbody, aina iliyokuwa ikiuzwa Afrika Kusini. Ilipata nyota ngapi? Sifuri! Kwa macho ya mtaani pikapu ni chuma, ni gari la wanaume wa migodini. Mdoli wa dereva hakuliona hivyo.

Na kuna kitu kilichonifanya niweke gazeti chini nikakuna kichwa upande usio na kidonda. Midoli yote hiyo hufungwa mkanda kabla ya kugongeshwa. Hata gari lenye nyota tano limezipata mdoli ukiwa umefungwa. Sasa wewe mshikaji unayejisifu mkoko wa dingi wako una mifuko ya hewa, soma pale kwenye usukani palipoandikwa SRS. Herufi ya kwanza maana yake ni nyongeza. Nyongeza ya nini? Ya mkanda.

Najua mtaniambia, "Gari likiwaka moto nitanaswa!" Ajali za moto ni chache sana ukilinganisha na zile za kugongana na kupinduka, na hata ukiwaka, anayeweza kufungua mlango ni yule ambaye hajazimia. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa hadi nusu. Nusu, siyo yote. Sitaki kumdanganya mtu. Agosti 2022 kule Mwakata, upande wa Kahama, lori, Hiace na trekta vilipokutana usiku walikufa watu wasiopungua 19, na kwa kishindo cha namna ile mkanda peke yake nao una mwisho wake.

Mwingine atasema, "Mimi nakaa nyuma, hainihusu." Hapo ndipo tulipopotoka wengi, na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ilituzoesha hivyo, maana ilimkumbuka dereva na abiria wa mbele, wa nyuma ikamsahau. Lakini mwaka 2002 watafiti wa Japani walichambua ajali za kwao, wakakuta kwamba abiria wa nyuma asipofunga mkanda, hatari ya kufa kwa wale wa mbele waliofunga inapanda karibu mara tano. Anageuka nyundo! Tena hao ni Wajapani, wenye magari yale yale tunayonunua sisi yakishawachosha.

Wakenya nao walipitia haya. Waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, alitangaza mwaka 2003 kwamba kila siti ya matatu iwe na mkanda na mwendo usizidi kilomita 80. Februari 2004 ilipoanza kazi, Nairobi watu walitembea kwa miguu kwa kukosa matatu. Na unajua abiria walikuja kulalamikia nini? Mikanda michafu, inachafua nguo! Niliposoma hapo nikalikumbuka shati langu. Baadaye ikawa kama kwetu, mkanda unavutwa trafiki akionekana na kuachiwa akipotea, kana kwamba afande ndiye atakayerushwa kwenye kioo.

Juzi nilipanda mchomoko tena, Kolandoto kwenda mjini, safari hii nyuma. Mfukoni nina kitambaa cha kufutia mkanda. Mkanda wenyewe ulikuwepo, lakini pa kuchomekea hapaonekani, pamefunikwa na kava la siti. Nikamwomba suka asubiri kidogo.

"We dogo, umeona naendesha vibaya?" akanijia juu. "Unanitilia nuksi asubuhi yote hii."

Nikamwambia, kaka, sijasema kitu kuhusu uendeshaji wako, nina kovu hapa, tazama. Watu wakaanza kuguna, wanachelewa sokoni. Nilishataka kunyamaza yaishe. Mama mmoja wa makamo aliyekaa katikati, ana kapu la dagaa mapajani, akalitazama kovu, akaniuliza lilitokana na nini. Nikamweleza, na shati nikamweleza. Akacheka mpaka kapu likatikisika. Halafu akamgeukia suka.

"Ng'wanawane, hebu funua hili kava. Na wangu uko wapi?"

Suka alishuka akilalamika, akalivuta kava. Chini yake tulikuta maganda ya karanga, shilingi mia mbili, na vichomekeo vitatu vipya kabisa ambavyo bila shaka havijawahi kuguswa tangu Japani. Nikafunga wangu, mama akafunga wake chini ya kapu, na baba wa pembeni akafunga kwa aibu.

Siti ya nyuma tulikuwa wanne. Wa nne, kijana mwenye boksi la vifaranga, alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Sasa mimi nafunga nini?"

Suka akaongeza sauti ya redio, tukaondoka. Wale wa nguo za kuazima, tukutane wiki ijayo.