KOMPYUTA BILA MTUNZAJI NI SANDUKU TU

Hapana shaka kwamba wananchi wa Mkoa wa Singida hufurahi kila gari linapoingia katika uwanja wa shule na kushusha kompyuta. Wazazi hukusanyika, viongozi huhutubia, picha hupigwa. Nasi tunaungana nao katika furaha hiyo. Hata hivyo tunalo swali moja, wala si la kubeza: gari likisha kuondoka, ni nani anayebaki na ufunguo wa chumba?

Swali hili si geni nchini. Kompyuta ya kwanza iliingia Tanzania mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha, na baada ya miaka michache ukafuata mtambo mkubwa zaidi kwa kazi ya hesabu za Serikali. Walioujua vyema walikuwa wageni, na wenyeji waliofundishwa walikuwa wachache mno. Hesabu zikavurugika, ikabidi kurudia kalamu na daftari, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Wapo wanaosema kuwa ulikuwa woga wa maendeleo. Sisi tunaona kwamba fundisho kubwa zaidi ni jingine: mashine ilitangulia, watu wa kuiendesha wakachelewa.

Leo milango iko wazi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umegawa kompyuta kwa shule za umma na kugharamia mafunzo ya walimu. Nguzo za umeme zimevifikia vijiji vingi. Mitaala iliyoboreshwa imeanza kutumika tangu Januari 2024. Kwa hiyo kosa la zamani likirudiwa, hatutakuwa na kisingizio.

Mara nyingi chumba cha kompyuta hukabidhiwa mwalimu wa Hisabati au Fizikia, kwa sababu tu anaonekana kuwa mwepesi wa mambo hayo. Mwalimu huyu tayari anabeba vipindi vya watu wawili. Akihamishwa, ujuzi unaondoka naye. Akibaki, hana fungu la kununulia hata waya. Nchi yetu hii ni ya ukame. Upepo wa kiangazi hupeperusha vumbi kuanzia Manyoni hadi Iramba, na vumbi halibishi hodi. Mashine moja ikizimika, ya pili ikafuata, mkuu wa shule huona salama kufunga mlango asije akalaumiwa kwa upotevu wa mali ya umma. Hapo mwanafunzi hujifunza kompyuta kwa kuchungulia dirishani.

Yafaa tutenganishe kazi mbili. Kufundisha somo ni kazi ya mwalimu. Kutunza mashine, kuondoa virusi, kusafisha, kubadilisha kifaa kilichoungua na kuandika daftari la vifaa ni kazi ya fundi sanifu. Mwenye mashine ya kukamua alizeti haiwashi kabla hajapata fundi wa kuitazama, sembuse shule?

Tutaambiwa kwamba halmashauri zina upungufu wa walimu wa sayansi, na kwamba ikama haina nafasi ya fundi katika kila shule. Ni kweli. Lakini hatudai fundi kwa kila shule. Fundi mmoja kwa tarafa, mwenye pikipiki na sanduku la vifaa, akizunguka kwa ratiba, angeweza kuhudumia shule kadhaa, kama bwana shamba anavyohudumia vijiji kadhaa. Vijana wa kufundishwa wapo hapa hapa mkoani, na chuo cha VETA kipo Singida mjini. Walimu nao wana Chuo cha Ualimu Kinampanda. Wapewe mafunzo wakati wa likizo, kisha wafuatwe mashuleni, maana semina ya siku tatu na cheti chake havimfanyi mtu kuwa mjuzi. Na wafundishwe wawili kwa kila shule, ili mmoja akihama mwingine abaki.

Taifa hili limewahi kuwafundishia walimu kazini. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya posta na redio, ili UPE iwezekane. Idadi ilipatikana, ubora ulipungua kwa sababu ya haraka. Tuige moyo ule, tuiache haraka ile.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mkataba wa kupokea kompyuta, ziwe za Serikali au za mfadhili, utaje mambo matatu kabla ya mashine kushushwa: jina la mtunzaji, jina la msaidizi wake, na fungu la matengenezo. Madiwani nao waulize kila robo mwaka, si idadi ya kompyuta zilizopokewa, bali saa ambazo wanafunzi wamezitumia.

Sisi tuliopitia chuoni tunakumbuka kwamba juzuu zilikuwa chache na zimechakaa, na bado watoto walihitimu, kwa kuwa mwalimu alikuwepo na alikijua anachokifundisha. Kompyuta hizi ni amana ya watoto wa Singida. Amana haitunzwi kwa kufuli.