Kobe mdogo na baridi ya mwezi wa saba

Watoto wametuletea kobe mdogo, anaenea kiganjani. Walimwokota porini, heri wangemwacha kule. Tangu juzi hali kitu, nao wanasema ni mgonjwa. Sisi tunaona ni baridi. Kobe hana joto lake mwenyewe, analipata kwa jua, na hapa Musonoi, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, usiku wa mwezi wa saba unauma.

Mchana mwekeni juani ndani ya beseni, nusu yake iwe kivulini, maana jua tupu la saa sita linamuua upesi. Usiku digrii zisishuke chini ya 20. Jazeni chupa maji ya moto, ifungeni kwa kipande cha kikwembe, iwekeni upande mmoja wa kartoni, ili akizidiwa na joto asogee.

Lakini mama mmoja alituambia amemwashia kobe mbabula chumba wanamolala watoto, mlango umefungwa. Hapana, mama! Makala yanatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, inaua watu usingizini. Mbabula ibaki nje.

Na wakimshika, wanawe mikono kwa sabuni mbele ya kula bukari. Mvua zikirudi, tutampeleka pale walipomwokota.